Mguu Usiouma

"Mimi si mgonjwa, daktari," Cephas alisema kabla hata hajaketi. "Ni huyu mama amenivuta hapa kama mbuzi wa sokoni. Miguu ilikuwa inanisumbua, hiyo sikatai. Lakini imepona yenyewe."

Kisha akacheka, na kwa kicheko hicho Scovia akamjua.

Alikisikia utoto wake wote kule Masara. Kilitangulia pikipiki ya mnunuzi wa dhahabu kikipanda njia ya machimboni, na wanawake waliokuwa wakiponda mawe wakaacha kazi na kujipangusa vumbi usoni. Cephas hakumjua yeye. Alimwona msichana mwembamba mwenye koti jeupe, aliyehitimu juzijuzi, afisa mpya wa kliniki katika zahanati ndogo ya Mbita. Mambo ya Masara aliyaacha Masara, huko Migori, alikokuwa na shimo lake na kibanda chake cha kuchomea dhahabu. Hapa ziwani alikuwa na nyumba ya mawe, mke anayeitwa Dolphine, na kiti cha mbele kanisani.

"Imeponaje, mzee?" Scovia aliuliza.

"Zamani ilikuwa inawaka. Kama nimekanyaga jivu la moto. Hata shuka ikinigusa, naruka! Sasa imenyamaza. Naweza kutembea juu ya kokoto, nisisikie kitu."

"Lakini soksi zake zinanuka," Dolphine alisema kutoka kwenye kiti cha mlangoni. "Nikimwambia, ananiita mnoko."

"Si ni mnoko kweli?"

Scovia alimpima damu kidoleni. Sukari ilikuwa juu sana. Akamwomba avue viatu.

Chuoni alifundishwa kwamba ndani ya ngozi ya mtu mna nyuzi nyembamba kuliko unywele, ncha zake zikipapasa mchana kutwa kama vidole vya kipofu: kuna moto? kuna mwiba? kuna kitu kinachobana? Zikigundua jambo, hupeleka habari mgongoni, na kutoka mgongoni habari hupanda hadi ubongoni, na hapo ndipo mtu husema "Ah!" Sukari ikikaa damuni miaka mingi, nyuzi hizo huugua. Zilizo ndefu ndizo hutangulia, ndiyo maana ugonjwa huanzia miguuni. Zinapoanza kufa hupiga kelele, zikitangaza moto usiokuwapo. Zikishakufa, hunyamaza. Naye mgonjwa hulala usingizi mzuri na kumshukuru Mungu kwa kumponya.

Alichukua uzi wake mgumu wa nailoni, akamwambia Cephas afumbe macho na aseme "ndiyo" kila atakapoguswa. Akamgusa kidole gumba. Kimya. Akamgusa kisigino. Kimya. Akainama zaidi ili autazame unyayo.

Chini ya mguu wa kulia, karibu na vidole, palikuwa na kidonda. Kingo zake zilikuwa nyeupe kama ngozi iliyolowa majini, na katikati kilikuwa cheusi. Scovia akakichukua kiatu, akakiinamisha kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na jiwe lenye ukubwa wa punje ya hindi, lenye ncha, la rangi ya kutu. Jiwe la machimboni. Mtu huyu alikuwa amelikanyaga siku baada ya siku, na mguu wake haukuwa na wa kumpelekea habari.

Alifungua kinywa amwambie. Alikuwa amekula kiapo cha kazi hii na alikiamini. Jioni nyingi, akirudi kwenye chumba chake cha kupanga, alijiambia kwamba kama kila daktari angemwambia kila mgonjwa ukweli kwa upole, dunia ingepona nusu.

Ndipo Dolphine aliposema, kwa sauti ya mke anayejivunia mume wake, "Lakini ni mtu wa huruma huyu, usimwone hivi. Wakati niko na mimba ya kwanza alinitoa Masara siku hiyohiyo. Aliniambia, 'Dolphine, moshi wa zebaki unaua mishipa ya mtu, wewe na mtoto msiusogelee.' Akanijengea hapa ziwani. Ni wangapi wanaweza kufanya hivyo?"

"Si ni kupenda?" Cephas alisema, macho bado yamefumbwa.

Scovia alibaki amekishika kiatu.

Kwa hiyo alijua.

Mama yake, Risper, alikuwa amekaa motoni kwa mtu huyu tangu Scovia akiwa darasa la tatu. Wanawake waliosha mchanga wa mawe ndani ya beseni, wakautia zebaki, wakaukanda kwa mikono mitupu mpaka dhahabu ishikane na zebaki iwe donge, kisha donge likawekwa juu ya kifuniko cha mkebe wa rangi na kuchomwa kwenye jiko la makaa hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Cephas alipotaka mtu wa kukaa kwenye jiko, aliwapanga nyuma ya kibanda na kuwapitishia kifuniko kilichotoka motoni. Aliyekishika muda mrefu bila kukitupa, huyo ndiye aliyepewa kazi. Aliyekitupa alichekwa: "Mikono ya mwalimu hiyo!" Walioshinda sikuzote walikuwa wale waliokanda zebaki miaka mingi zaidi. Hawakujiuliza kwa nini. Waliita hali hiyo kukomaa, na mikono iliyokomaa ilikuwa sifa, kama vile mwingine anavyosifiwa kwa sauti nzuri. Risper aliwashinda wote. Walimwita Koleo.

Na Risper alipomwendea Cephas kumweleza kwamba vidole vinakufa ganzi na kutetemeka, alimjibu, "Hiyo ni kukomaa, Risper. Mkono mchanga ndio hulia." Akamwongezea madonge ya kuchoma.

"Nifumbue macho?" Cephas aliuliza.

"Fumbua, mzee."

"Kuna nini huko chini?"

Scovia alimtazama usoni. "Hakuna kitu," alisema. "Miguu yako imekomaa."

"Umesikia?" Cephas alimgeukia mkewe. "Umesikia daktari?"

"Na hiyo harufu?"

"Ni jasho tu, mama. Abadilishe soksi."

Akamwandikia dawa za sukari. Kisha akapiga goti, akamvisha soksi, akamvisha na kiatu, jiwe likiwa humohumo ndani, akafunga kamba kwa uangalifu kama anayemvalisha mtoto wa chekechea. Cephas aliguswa na heshima hiyo. Alimbariki. Akatoka nje akitembea wima, akiukanyaga mguu wake sawasawa.

*

Siku mbili baadaye, Ijumaa, Scovia aliomba ruhusa, akapitia Homa Bay na Rongo, akafika Masara jua likiwa bado kali. Njia nzima alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua, furaha yenye meno. Aliifikiria ile nyama nyeusi. Alifikiria jinsi itakavyopanda, polepole, bila kelele, hadi mfupani. Alimpelekea mama yake habari hiyo kama wengine wanavyowapelekea mama zao mkate na sukari.

Risper alikuwa akimimina chai. Aliitazama mikono yake kila ilipofanya kazi, kama mtu anayechunga watoto wa jirani, kwa sababu asipoitazama ilidondosha vitu. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliishia kwenye kifundo cha kwanza.

Alimsikiliza binti yake hadi mwisho. Kisha akacheka mpaka akaweka birika chini.

"Jiwe la kwake mwenyewe?"

"La kwake mwenyewe, Mama."

"Na ukamfunga kamba!"

"Nikazikaza."

"Ai, nyathina!" Alisema hivyo kila alipofurahi, "mwanangu" ya Kijaluo, tangu Scovia akiwa mdogo. Akajipangusa macho kwa kiwiko. "Na itakuwaje?"

"Kama hatatibiwa, wiki ijayo kidonda kitakuwa kimefika kwenye mfupa. Watamkata mguu. Wakichelewa, atakufa."

"Na atajua lini?"

"Hatajua. Atashtukia tu mguu umeoza. Huo ndio utamu wake."

Risper alikishika kikombe kwa viganja viwili, akakitazama, akanywa.

"Unajua mimi nilijuaje, siku ile ya vidole?" aliuliza. "Nilisikia harufu. Nilikuwa napiga hadithi na Benta, mkono uko kwenye jiko, na nikasikia harufu ya nyama. Nikamwambia Benta, 'Leo kuna mtu amechinja, na hatujaitwa.' Tukacheka. Tukaangalia huku na huku tuone ni nani anachoma nyama."

Scovia hakuwahi kuambiwa hilo. Alikuwa shule ya bweni wakati huo. Alipofunga shule alikuta bendeji.

"Mama..."

"Ngoja. Sijamaliza. Wewe umesoma, umefikiria umemlipa. Lakini huyo mtu sasa hivi yuko na raha. Anatembea, anakula samaki, anamwambia bibi yake miguu imekomaa. Wakimkata watamdunga dawa alale. Wataomba kanisani. Atasema ni sukari, ni Mungu. Wapi mimi hapo? Wapi vidole yangu?" Aliinua ule mkono. "Ukimpiga mtu na hajui amepigwa, umempiga kweli?"

"Unataka nimwokoe? Yule?"

"Kuokoka ni shauri yake na mguu wake. Mimi nataka aumwe. Na kama mguu hauwezi kuuma, basi aumwe hapa." Akajigonga kifuani. "Na aumwe akituangalia. Kesho Jumamosi anakuja kuchoma."

*

Kibanda cha Cephas kilikuwa cha mabati, upande mmoja wazi. Wanawake walikuwa wameshaketi kwenye majiko yao, wakizungumza Kiswahili cha machimboni kwa kuwa Wajaluo na Wakuria walikuwa wamechanganyika hapo. Risper hakuwa na kazi tena tangu avikose vidole, lakini hakuna aliyemuuliza alichofuata. Benta, rafiki yake mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, alimpisha kwenye gunia.

"Koleo! Umeleta daktari wetu! Daktari, uniangalie mgongo, bwana yangu analalamika."

"Leo naangalia miguu na mikono tu," Scovia alisema. "Bure. Nani anaanza?"

"Boss aanze," Benta alisema. "Au boss anaogopa msichana?"

Cephas alikuwa ameegemea nguzo na simu yake. Alipomwona Scovia uso ukamchangamka, kisha ukasita. "Si wewe ni yule daktari wa Mbita? Unafanya nini huku?"

"Hapa ni kwetu, mzee. Mimi ni binti ya Risper."

"Ya Koleo?" Aliwatazama wawili hao, akacheka. "Haki ya Mungu! Kumbe tumesomesha daktari hapa! Nyinyi mnaona matunda ya kazi yangu? Haya, mwana wetu, nipime. Waone miguu imekomaa."

Akaketi juu ya gunia la mawe, akavua viatu na soksi mwenyewe. Harufu ikatoka. Benta akaziba pua, wengine wakasogea waone.

"Fumba macho," Scovia alisema. "Nikikugusa, sema ndiyo."

Cephas akafumba. Risper akachuchumaa, akauinua mguu wa kulia kwa mikono yake miwili iliyokufa, akaugeuza ili wanawake wote wauone unyayo.

Hakuna aliyepiga kelele. Nyakerario, msichana wa Kikuria aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, alijishika mdomo. Kidonda kilikuwa kimepanuka tangu Jumatano. Scovia aligusa kisigino kwa uzi wake, akagusa kidole, akagusa upande, akabonyeza mpaka uzi ukapinda. Risper akaipiga kofi nyama ya unyayo isiyo na kidonda, kofi lililosikika hadi nje.

Cephas alitabasamu, macho yamefumbwa. "Haya, anzeni basi," alisema. "Mnangoja nini?"

Benta ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya, cha puani, kikawashika wengine. Cephas akafumbua macho. Alikuta mguu wake katika mkono mmoja wa Risper, na Risper akitikisa kiatu chake hewani kwa mkono mwingine, na jiwe likianguka juu ya kipande cha bati chini.

"Unalijua hili?" Risper alimuuliza. "Limetoka shimo yako. Umetembea nalo mpaka limekula mguu. Angalia chini, boss. Angalia mwenyewe."

Cephas akainama na kuutazama unyayo wake. Scovia aliuona uso wake ukipoteza rangi. Alikuwa ameungoja uso huo, na ulikuwa mtamu kuliko alivyotarajia.

"Lakini Jumatano," Cephas alisema polepole, "Jumatano uliniambia hakuna kitu."

"Nilikuambia."

"Ulikuwa umeona?"

"Niliona kidonda. Niliona na jiwe. Nikakufunga kamba."

"Wewe ni daktari! Ulijua na ukaninyamazia?"

"Nilijua," Scovia alisema. "Kama wewe ulivyojua. Mke wako ameniambia. Alipokuwa na mimba ulimtoa kwenye moshi huu siku hiyohiyo, kwa sababu zebaki inaua mishipa ya mtu. Hayo ni maneno yako. Halafu ukarudi hapa ukamwambia mama yangu kwamba mkono mchanga ndio hulia."

Vicheko vilikuwa vimekwisha. Makaa yalilia kwenye jiko.

"Inaua mishipa gani?" Nyakerario aliuliza. Hakumuuliza Cephas; alimuuliza Scovia.

Scovia akageuka. Hakuwa amepanga hotuba yoyote. "Ukishika kitu cha moto," alisema, "habari hutoka kidoleni na kwenda kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama boda, inakimbia, inafika inapiga honi: toa mkono! Unatoa hata kabla hujafikiria. Ya pili inakuja kwa miguu, polepole, kama mama mkwe. Ikifika inaketi. Inauma jioni nzima ili usisahau, ili kesho usirudie."

"Mama mkwe kabisa," Benta alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Kile mnachoita kukomaa ni hizo njia zimekufa. Mkono ambao haulii haujakomaa. Umebaki bila mlinzi. Kama huo mguu."

Nyakerario alimpa jirani yake mtoto aliyekuwa mgongoni, akapangusa mikono kwenye leso. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu akishike kifuniko muda mrefu kuliko wote na kupewa jiko. Walikuwa wamempigia makofi. Akafumba macho, akanyoosha vidole.

"Niguse," alisema.

Scovia alimgusa kidole cha shahada. Akamgusa cha kati. Nyakerario alisimama pale akingoja, paji la uso limekunjana kwa kusikiliza, na midomo yake haikusema ndiyo. Benta alimtazama Risper. Risper alitazama chini.

Benta akaondoa kifuniko chake kwenye makaa kwa fimbo, akakimwaga mchangani pamoja na donge lililokuwa juu yake. "Wacha na mimi nipimwe," alisema. Nyuma yake akaja mwingine, kisha mwingine, wakiwa wamenyoosha mikono mbele kama watu wanaoenda kunawa. Majiko yakaachwa peke yake.

"Daktari," Cephas aliita. Alikuwa bado juu ya gunia, mguu mtupu juu ya goti la mguu wake mwingine. "Daktari, mguu utakatwa?"

"Ukienda hospitali leo, labda ni kidole tu."

"Basi nisafishe, unifunge, niende. Tafadhali. Nitawanunulia glavu wote. Nitaleta mashine ya kuvuta moshi. Scovia! Si wewe ni mtoto wetu?"

Scovia alikuwa ameuleta mkoba wake. Pamba na dawa ya kusafishia zilikuwamo. Jana zilipokuwa zikiingia humo alijiambia ni za wanawake. Alijua atamsafisha. Alijua tangu alipousikia ukimya wa Nyakerario, na hilo lilimkera, kwamba mkono wake hautaweza kukataa. Lakini alikuwa amekishika kiganja cha Benta, na nyuma ya Benta palikuwa na watu.

Risper ndiye aliyejibu. "Panga foleni, mzee."

"Risper, mimi ni mgonjwa!"

"Kwani kuna mahali unaumwa?"

Cephas aliwatazama wanawake waliompa migongo, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Kisha akauinamia mguu wake, akakitumbukiza kidole kwenye kile kidonda, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, akiutafuta uchungu.